Kabla ya Kulipia Vipimo vya Damu Kuganda, Uliza Vinafanywa Lini na kwa Chupa Gani

Karatasi nyingi za daktari zinazofika kaunta ya maabara yetu zimeandikwa kwa mkato: vipimo vya kuganda kwa damu. Mteja alipatikana na bonge la damu mguuni, akalazwa, akatoka, na sasa anataka kujua chanzo. Ni haki yake. Ila vipimo hivi ni vigumu kuliko vya sukari au malaria. Vikifanywa siku isiyofaa, au damu ikikaa vibaya kwenye chupa, vinatoa jibu lisilo la kweli huku likionekana safi kabisa kwenye karatasi. Mtu anaweza kuambiwa ana ugonjwa wa kurithi, ndugu zake nao wakaanza kuhangaika, kumbe damu ilitolewa mapema mno. Ndiyo maana tunaomba tuzungumze kabla hujalipa.

Kwanza ya dharura. Mguu mmoja ukifura ghafla na kuuma, au ukakatika pumzi, kifua kikakuchoma unapovuta hewa, ama ukakohoa damu, usije maabara. Nenda hospitali yenye idara ya dharura, hata kama ni usiku wa manane. Bonge likichomoka mguuni likaziba mshipa wa mapafu linaweza kuua, na matibabu yake hayangojei kipimo cha chanzo.

Hospitalini huenda ukapimwa D-dima, mabaki yanayobaki mwili unapolivunja bonge. Kipimo hiki kina nguvu upande mmoja tu. Daktari akikukagua akaona uwezekano wa bonge ni mdogo, na D-dima ikawa chini ya nanogramu 500 kwa mililita, bonge linaweza kuondolewa kwenye orodha. Ikiwa juu haithibitishi kitu. Hupanda kwa ujauzito, maambukizi, saratani, upasuaji wa juzijuzi, na umri pia. Kwa aliyepita miaka 50, madaktari wengi huzidisha umri kwa 10, hivyo wa miaka 70 mpaka wake ni 700. Angalia pia kipimio kilichoandikwa: hesabu hizo ni za kipimio kiitwacho FEU. Maabara inayotumia kipimio kingine, DDU, hupata namba karibu nusu yake, na tumeona watu wakilinganisha karatasi mbili wakidhani wamepona. Kuthibitisha bonge la mguu ni kazi ya ultrasaundi ya Doppler.

Chanzo chenyewe mara nyingi hupatikana kwa maswali, sindano ikiwa bado kwenye pakiti. Ulifanyiwa upasuaji au kufungwa plasta ya mfupa ndani ya miezi 3 iliyopita? Uliketi safarini zaidi ya saa 4, iwe ni basi la Mombasa au ndege? Una mimba, au ulijifungua ndani ya wiki 6? Unameza vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni? Una saratani, VVU, kifua kikuu, seli mundu, au figo zinazomwaga protini kwenye mkojo? Bonge lililokuja wiki 2 baada ya upasuaji wa nyonga limeshajieleza. Kumpima mtu huyo magonjwa ya kurithi kwa kawaida hakubadilishi matibabu yake hata kidogo, na tutamwambia hivyo hata kama alikuja na pesa mkononi.

Wanaostahili kuchunguzwa zaidi ni wale ambao bonge lilikuja bila sababu wakiwa bado vijana, lililokuja mahali pasipo pa kawaida kama mishipa ya tumboni au ya ubongo, wenye ndugu wa damu waliopata mabonge, na wanawake ambao mimba zimeharibika mara kwa mara. Hapo pia kuna mpangilio. Vifurushi vingi vilivyonakiliwa kutoka Ulaya vinaanza na jeni ya Fakta V Leiden, iliyotambuliwa Uholanzi mwaka 1994, pamoja na mabadiliko ya jeni ya prothrombini, protini ya kugandisha damu. Yote mawili ni ya kawaida kwa watu wenye asili ya Ulaya na ni nadra sana kwa Waafrika. Kwa wateja wetu wengi, hizo ni pesa zilizotangulizwa mahali pasipofaa. Jeni ya MTHFR, inayotangazwa sana, haisaidii kueleza bonge. Sisi hushauri kuanza na antifosfolipidi, yaani kingamwili zinazoweza kuleta mabonge, kisha protini C, protini S na antithrombini, ambazo huzuia damu isigande kupita kiasi.

Sasa suala la siku. Bonge likiwa bichi, protini C, protini S na antithrombini huweza kushuka kwa sababu mwili umezitumia. Dawa za kuzuia damu kuganda nazo huvuruga: heparini hushusha antithrombini. Warfarini hushusha C na S, kwa kuwa zote mbili hutengenezwa kwa kutegemea vitamini K, ambayo dawa hiyo huizuia. Ujauzito na estrojeni hushusha S. Kwa hiyo subiri angalau miezi 3 baada ya bonge, na ikiwa daktari wako amekubali kusimamisha warfarini, zipite wiki kadhaa. Wiki 2 ndizo za chini kabisa. Usiache dawa kwa uamuzi wako ili upate kupimwa. Jibu la maabara halina thamani ya kukurudishia bonge.

Katika antifosfolipidi, kinachowachanganya wengi ni kizuizi cha lupasi, moja ya kingamwili hizo. Ndani ya chupa hufanya damu ichelewe kuganda, kipimo cha APTT, kinachopima muda wa damu kuganda, kikatoka kirefu, na mtu akadhani mgonjwa yuko hatarini kutokwa na damu. Ndani ya mwili hali ni kinyume: mgonjwa huyo ndiye hupata mabonge. Tofauti huanza kujulikana kwa kuchanganya plazima (majimaji ya damu yasiyo na seli) ya mgonjwa na ya mtu mzima wa afya, nusu kwa nusu. Muda ukirudi sawa, kulikuwa na upungufu wa protini fulani ya kugandisha. Ukibaki mrefu, kuna kitu kinachozuia, na hapo vipimo vya kizuizi cha lupasi vinafuata. Rivaroxabani, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, inaweza kuvifanya vionekane chanya bila ugonjwa kuwapo. Chanya ya mara moja haitoshi pia, maana maambukizi ya kawaida huweza kuleta kingamwili hizi kwa muda zikapotea.

Kosa la chupa ndilo la kawaida kuliko yote, na linaweza kuzuiwa. Chupa ya kifuniko cha samawati ina mililita 0.3 za sitrati ya asilimia 3.2 na inataka mililita 2.7 za damu, yaani sehemu 9 kwa 1. Sitrati huikamata kalisiamu ili damu isigande njiani. Maabara huirudisha kalisiamu wakati wa kupima. Damu ikiwa pungufu, sitrati inayobaki inaimeza kalisiamu hiyo na muda unatoka mrefu bila ugonjwa. Ndiyo sababu chupa isiyofika mstari tunaikataa, na tunaomba radhi kwa kukuchoma tena. Ikitumika sindano yenye mrija, hewa ya mrijani hula nafasi ya damu, kwa hiyo chupa ya kwanza hutupwa. Ya samawati hutangulia ya zambarau, kisha hupinduliwa taratibu mara 3 au 4 bila kutikiswa.

Kliniki zinazotutumia sampuli zikumbuke saa. APTT inataka kupimwa ndani ya saa 4. Damu iliyotolewa Kitengela asubuhi ikangojea boda ya adhuhuri, kisha ikakwama Mombasa Road, imepitwa. Barafu si dawa: baridi huamsha baadhi ya protini za kugandisha na kuharibu jibu. Acheni chupa kwenye joto la chumba, na kama safari ni ndefu, zungusheni kwenye mashine hapo kliniki, mtenge plazima na kuigandisha kwenye friza kwanza.

Ukija, leta karatasi ya kutoka hospitali na orodha ya dawa zote, pamoja na saa uliyomeza ya mwisho. Taja rifampisini kama unatibiwa TB, kwa kuwa inapunguza nguvu ya warfarini na hata ya rivaroxabani. Damu ya kizuizi cha lupasi tunaitoa hapa hapa asubuhi, si kwa kutumiwa, kwa sababu plazima yake lazima izungushwe mara mbili hadi chembe sahani, zile za kugandisha damu, zibaki chini ya 10,000 kwa mikrolita. Jibu la kwanza likiwa chanya, tutaandika kwenye karatasi hiyo hiyo tarehe ya kurudia, isiyopungua wiki 12 mbele.