Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wetu wa nyekundu na nyeupe

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha kuonja waini, salama? Katiba yetu yasema mwenyekiti atoe taarifa kila mwisho wa mwaka, basi ndio hii. Ya pesa sitayagusa sana manake mweka hazina anasoma vitabu vyake baada yangu na stakabadhi zote anazo yeye, mimi nasema tu michango inaingia, kuna wachache mpaka wakumbushwe na kukumbushwa na wanajijua.

Kubwa la mwaka huu lilikuwa joto. Kila mtu anaambiwa waini nyekundu haiwekwi friji, inywewe na joto la chumbani, sasa jamani hicho chumba ni cha wapi? Ni cha Ulaya ya zamani, digrii 16 mpaka 18 hivi, si sebule ya Tudor hapa Mombasa mwezi wa Februari ambayo hata na feni ya juu inafika 30. Kwa joto hilo harufu ya pombe ndio inatangulia puani, ile harufu ya matunda huisikii kabisa, koo linachoma, na ndio maana nusu ya chama walikuwa wameshaikataa nyekundu wanasema ati ni kali. Tangu tuanze kuitia friji kama nusu saa kabla ya kuifungua, wengi wao wamerudi. Nyeupe nayo tunaitoa friji mapema kidogo, manake ikiwa baridi ya kuuma meno haina harufu yoyote, yataka iwe kama digrii 8 mpaka 12. Mgeni akifika ghafla na chupa ya moto, ndoo ya maji na barafu na chumvi kidogo inapoza upesi kuliko kuikimbiza kwa friza. Barafu ndani ya glasi hapana, ila kwa Mama mweka hazina nimenyoosha mikono.

Lile swali la kila kikao, kwani tofauti yao ni rangi tu? Zabibu nyingi nyeusi ukizikamua maji yake hayana rangi, wekundu unatoka kwenye maganda. Nyekundu inachachuka na maganda na mbegu zake humo humo, nyeupe inakamuliwa kwanza halafu maji peke yake ndio yanachachuka. Kwenye maganda na mbegu ndio kuna tanini, ile kitu inakukausha ulimi na ufizi kama umekula bibo, na hiyo ndio watu wanaichanganya na ukali. Nyeupe ukali wake ni wa asidi, unakutoa mate badala ya kukukausha. Halafu wale wa kambi mbili wanaorushiana maneno hapa wajue kwamba Cabernet Sauvignon, nyekundu wanayoisifu kila siku, zabibu yake mzazi mmoja ni Sauvignon Blanc ambayo ni nyeupe, wataalamu wa California walipima DNA wakalitoa hilo mwaka 1997, mzazi wa pili ni Cabernet Franc. Kwa hivyo mnagombana ndani ya familia moja.

Kikao kilichonifurahisha zaidi ni kile cha kufungana macho kwa leso. Chupa zote zimepozwa sawasawa, mtu hajui anamiminiwa nini, na wajuzi wetu wengine wakaapa nyekundu nyepesi ni nyeupe! Msiwacheke. Mwaka 2001 huko Ufaransa ilitoka ripoti ya utafiti, wanafunzi 54 wa mambo ya waini walipewa nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu wakaieleza kwa maneno ya nyekundu, na wao walikuwa macho wazi. Mimi hapo ndio nikaacha kumuamini mtu anayesoma lebo kabla ya kuonja.

Upande wa chakula tumejifunza kwa midomo yetu wenyewe. Samaki wa kupaka na nyekundu yenye tanini nyingi inakuachia ladha ya chuma mdomoni, lakini Chenin Blanc, nyeupe ya Afrika Kusini, na ile nazi, wacha kabisa. Mishkaki ni ya nyekundu, Pinotage inaingia vizuri na ule moshi wa makaa. Pilipili ikizidi, nyeupe yenye utamu kidogo, manake pombe kali na tanini zinauchochea ule moto. Pilau bado tunabishana, mimi nasema nyekundu nyepesi ya baridi, katibu hataki kusikia.

Tulionja pia waini ya Naivasha na ya Dodoma, na Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, sijui sisi tunangoja nini.

Nidhamu ilikuwa sawa. Ramadhani tulisimamisha vikao na tuendelee hivyo, majirani zetu wengi wanafunga na haipendezi kupita mlangoni kwao na mfuko unaolia chupa. Chupa moja ni glasi tano za wastani, sio mbili, nimesema. Aliyeonja haendeshi, tuktuk zipo.

Mwakani naomba tununue kipimajoto na glasi za aina moja, hizi kila mtu na bilauri yake zinaharibu ulinganisho. Wanaotaka uenyekiti wampe katibu majina kabla chakula hakijapakuliwa, mimi nagombea tena. Mweka hazina, karibu.