YAH: MALALAMIKO KUHUSU TANGI LA MAZIWA LINALOOTA KUTU KWENYE MISHONO

Kwa Meneja wa Karakana,

Habari za kazi. Naandika kwa niaba ya kikundi chetu cha wafugaji. Tangi la stenlesi (chuma kinachotakiwa kisishike kutu) la lita 500 mlilotutengenezea limeota kutu, tena kwenye mishono tu na pale grenda ilipopita. Bati lenyewe ni safi. Kwa hiyo msitwambie tena kwamba tumelisafisha kwa dawa kali.

Fundi wenu alipokuja kuunga koki, tulimwona akisugua mshono kwa brashi ileile ya waya anayosugulia mageti. Chembe za chuma cha kawaida hubaki juu ya stenlesi, na ndizo zinazoanza kushika kutu. Stenlesi hutengewa brashi yake na diski zake.

Ndani ndiko kunakouma zaidi. Pitisha kidole kwenye mshono wa chini, utakwaruzwa: kumejaa chenga nyeusi kama sukari guru iliyoungua. Mlichomelea kwa nje bila kujaza ndani gesi ya agoni ya kufukuza hewa, hewa ikaunguza chuma kikiwa bado cha moto. Kwenye geti hiyo isingekuwa hoja. Kwenye tangi la maziwa, kila kitundu kinaficha maziwa yasiyofikiwa na brashi; yanachachia humo na kuharibu ya asubuhi inayofuata. Mnunuzi ameshayakataa maziwa yetu kwenye kipimo cha alkoholi kinachoonyesha maziwa yaliyoanza kuchacha, na hasara imewaangukia akina mama wanaoamka alfajiri kukamua.

Halafu ile rangi ya bluu na kahawia kando ya mishono, mliyotuambia haina madhara. Ina madhara. Moto umeipunguza kromu pale juu, na kromu, madini yaliyochanganywa kwenye chuma hicho, ndiyo inayoikinga stenlesi na kutu. Ilipaswa kuondolewa kwa dawa ya asidi ya kusafishia mishono, kisha tangi lioshwe kwa maji mengi.

Tunadai mlichukue tangi kwa gharama zenu, mkate mishono mibovu na kuchomelea upya kwa TIG (uchomeleaji wa umeme unaokingwa na gesi ya agoni), kwa waya wa kujazia wa aina ya 308L unaoendana na bati la stenlesi la aina ya 304 tulilolilipia, agoni iwepo nje na ndani, na moto usizidi. Mshono wa ndani usawazishwe hadi kidole kipite bila kukwama. Tutaukagua wenyewe kabla ya kulipokea. Kama hamna vifaa hivyo, turudishieni fedha zetu.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Katibu,
Kwa niaba ya kikundi cha wafugaji