Kabla hujafunga sanduku

Rafiki yangu Mwalimu,

Salamu nyingi. Najua tutaonana tena Jumamosi ukiondoka, ila siku hiyo utakuwa umezungukwa na watoto, nami nikitaka kusema la maana mbele za watu huishia kwenye mzaha. Heri nikuandikie.

Hotuba za jana za kukuaga sizilaumu. Lakini kila aliyeshika kipaza sauti alikusifu kwa kuacha raha za kwenu uje kujitolea kufundisha hapa, utadhani ulikuja kutumikia kifungo. Nilikuona ukitazama viatu vyako. Ukweli ni kwamba kazi ilikupendeza, na ndiyo sababu tulifaidika. Anayejiona amejitoa mhanga hajifichi, na wanafunzi ndio wa kwanza kumbaini.

Ningepewa nafasi ningesimulia ile asubuhi ya pendulamu, yaani jiwe linalobembea kwenye uzi. Ulikuja na uzi na mawe mawili, moja dogo, jingine kama ngumi. Darasa zima likaapa kwamba jiwe zito litabembea haraka zaidi. Hukubisha. Uliwapigisha kura, ukaandika matokeo ubaoni, kisha ukawaachia saa na uzi wa mita moja. Mibembeo 20, kwenda na kurudi: sekunde 40 hivi. Wakabadilisha jiwe: 40 zilezile. Yule binti wa dirishani, asiyenyoosha mkono hata kwa mtutu wa bunduki, akadai wenzake hawajui kuhesabu, akashika saa mwenyewe. Ikawa ileile. Basi akaufupisha uzi hadi robo, na muda ukashuka kuwa nusu. Hakuna aliyemtuma. Mwalimu mwingine angeshamwaga kanuni ubaoni zamani. Wewe uliketi juu ya dawati la nyuma ukanyamaza, na kanuni ukaileta kesho yake, watoto wakiwa na hamu nayo.

Halafu kuna madaftari. Kosa hukulipiga mkasi tu, uliandika pembeni: "Umefikaje hapa?" Wanafunzi walilalamika mwanzoni, maana walitaka alama yao waende zao. Siku hizi nawasikia wakiulizana wao kwa wao swali hilohilo, wakiiga na lafudhi yako. (Ndiyo, wanakuiga. Na wanaiga vizuri.)

Lakini lililonigusa zaidi halikuonekana na wengi. Muhula huu wa mwisho ulijiondoa kidogo kidogo. Kwanza tulifundisha pamoja, kisha ukaketi nyuma, mwishowe hukuingia kabisa. Baadhi ya walimu walidhani umechoka. Mimi nilielewa pale ulipoleta lile daftari la majaribio, yote ya vitu vinavyopatikana hapahapa: chupa, betri, sindano, chumvi. Wengi wanaokuja kujitolea huacha picha na pengo. Waanzilishi wa Peace Corps, shirika la Marekani la kutuma watu wa kujitolea nchi za nje, mwaka 1961, walituma watu wao kwa kipindi cha miaka miwili hivi, nami nawaunga mkono: wiki tatu humtosha mgeni kupendwa, hazimtoshi kujua nani darasani anajifanya ameelewa.

Sasa nina ombi, na usinikasirikie. Jumamosi watakuuliza utarudi lini. Usiahidi. Najua moyo wako utataka kusema "mwakani", lakini watoto hawa hushika ahadi kuliko wanavyoshika masomo. Waambie utaandika, kisha uandike kweli. Barua moja kwa muhula inatosha, na iwe ya darasa zima, ili wale wapole wasije wakafikiri umewasahau. Mimi nitaisoma kwa sauti.

Na huko kwenu ujiandae. Waliokutangulia wanasema kurudi nyumbani huwa kugumu kuliko kuja. Watu watauliza "Ilikuwaje?" huku wakitafuta simu zao mfukoni. Utajikuta unasimulia habari za mibembeo mezani na hakuna anayecheka. Ukifika hapo, nipigie. Nitacheka mimi.

Mambo madogo kabla sijasahau. Ufunguo wa kabati la maabara mkabidhi mwalimu wa taaluma mkononi, usiuache mezani. Wale wawili wa kidato cha nne wanaoomba barua za utambulisho, waandikie kabla ya kuondoka, maana ukishapanda ndege utazisahau hadi tarehe ipite. Viatu vyako vya mvua vimeshapata mrithi. Usiulize ni nani, ila havimtoshi na amekataa kuvirudisha. Na binti wa dirishani amenituma nikuulize kama uzi ukiwa mrefu kama mti, pendulamu itachukua muda gani kwenda na kurudi. Nimemwambia aupime mti kwanza. Kesho saa nne anakwenda na kamba, ukiwa na nafasi upite.

Wako,
Jirani yako wa meza ya walimu