Malengelenge: nani kamwambukiza nani, na kwa nini mkanda wa jeshi ni habari nyingine

Dada mmoja alisimama pembeni ya dirisha letu la dawa mpaka wateja wote walipoondoka. Hakusema neno. Alininyooshea simu yake, na kwenye kioo alikuwa ameandika: "Nimetoka vipele vya maji huku chini, vinachoma kama moto. Mume wangu anasema nimetoka navyo nje. Ni kweli?"

Nilimkaribisha kwenye kichumba tunachopimia presha, tukakaa karibu nusu saa. Maswali aliyouliza tunayasikia kila mwezi kwa sauti za chini, na wengine hawayaulizi kabisa, wanakwenda kuachana kimyakimya. Ndiyo maana tumeandika haya.

Tulianza na lile la mumewe, kwa sababu ndilo lililokuwa linamliza. Ukitazama malengelenge huwezi kujua yameletwa na nani, wala lini. Malengelenge haya ya sehemu za siri huletwa na kirusi. Kinapoingia mwilini, dalili zikitokea huonekana kati ya siku ya 2 na ya 12. Lakini watu wengi hawaoni chochote. Wengine hupata mchubuko mdogo wakadhani ni wembe, joto au fangasi, ukapona wenyewe, wakasahau. Kirusi chenyewe hakijaondoka. Kimepanda kwenye mishipa ya fahamu na kujificha karibu na uti wa mgongo, chini ya kiuno, na kinaweza kukaa humo kimya kwa miaka. Siku kinga ya mwili ikishuka, kwa homa, uchovu mkali, msongo wa mawazo au hata hedhi, kinashuka kwa njia ileile kilikopandia. Ndiyo maana mtu husema vinamrudia palepale, na kwamba siku moja kabla huhisi mwasho au mchomo kabla hata kipele hakijatoka.

Kwa hiyo mke anaweza kutoka malengelenge leo kwa kirusi alichokipata kabla hajaolewa. Au mume ndiye anacho tangu ujana wake, hajawahi kutoka hata kipele kimoja, naye ndiye aliyempa mkewe bila kujua. Nimeona ndoa zikitikisika kwa jambo hili na inaniuma sana, kwa sababu ushahidi unaotumika kumhukumu mtu si ushahidi.

Jambo la pili lililomshangaza yule dada ni kwamba vile vidonda vya pembeni mwa mdomo, ambavyo huku kwetu tunasema "homa imetokea mdomoni", vinatoka kwenye ukoo huohuo wa virusi. Kirusi chake kinaitwa HSV-1, na kile cha sehemu za siri mara nyingi ni HSV-2. Homa ya malaria haigeuki kuwa vidonda. Inakiamsha tu kirusi ambacho mtu alikwishakuwa nacho, mara nyingi tangu utotoni, pengine kwa busu la shangazi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020, watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wana HSV-1, na watu milioni 520 wa miaka 15 hadi 49 wana HSV-2. Ukipanda daladala umekaa nao, na huenda wewe ni mmoja wao.

Mipaka kati ya hivi viwili haiko wazi kama wengi wanavyodhani. Mtu mwenye kidonda cha mdomo akifanya ngono ya mdomo anaweza kumwachia mwenzake HSV-1 huko chini. Hapo unakuta mtu ana malengelenge ya sehemu za siri na mwenza wake hajawahi kuugua huko hata siku moja.

Halafu kuna choo. Kwenye nyumba za kupanga, choo kimoja familia tano, ndicho hubebeshwa lawama zote. Kirusi hiki hakidumu nje ya mwili, na choo hakiambukizi malengelenge. Wala bwawa, wala kukaa kiti kimoja cha basi. Kinapita ngozi kwa ngozi, kwa mate na kwa majimaji ya sehemu za siri. Na hupita hata siku ambazo hakuna kidonda, ingawa hatari ni kubwa zaidi vidonda vikiwepo. Kondomu inapunguza hatari lakini haifuniki kila mahali, kwa hiyo tangu ule mwasho wa kwanza mpaka ngozi ipone kabisa, acheni kukutana. Kwa kidonda cha mdomo, usimbusu mtu, na zaidi ya wote usimbusu mtoto mchanga. Kirusi hiki kikimpata mtoto wa siku chache kinaweza kumuua.

Mjamzito naye tunamwomba aseme kliniki, hata kama aliugua zamani. Aliyekuwa nacho kabla ya mimba, hatari kwa mtoto ni ndogo, kwa kuwa mwili wake umeshatengeneza kinga na unamgawia mtoto. Anayetutia wasiwasi ni yule anayekipata kwa mara ya kwanza miezi ya mwisho. Mkunga akijua mapema, na vidonda vikiwepo siku ya uchungu, mama huweza kupelekwa kwenye upasuaji na mtoto akaepushwa.

Sasa mkanda wa jeshi. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alikuja akiwa amejifunga khanga kifuani. Alipoifungua nilikuta amepaka dawa ya meno juu ya malengelenge, kuanzia mgongoni mpaka chini ya titi la kushoto. Ilikuwa siku ya nne. Alikuwa ameambiwa ni buibui amempitia usingizini, na kwamba ncha mbili za mkanda zikikutana anakufa. Alikuwa akipima kwa kidole kila asubuhi kuona umebaki umbali gani.

Mkanda wa jeshi hauletwi na buibui wala mtu mbaya. Ni kirusi cha tetekuwanga. Ukiugua tetekuwanga utotoni, kirusi hakitoki, kinalala kwenye mishipa ya fahamu, na uzeeni au kinga ikishuka kinaamka kufuata mshipa mmoja. Mshipa huo uko upande mmoja wa mwili, ndiyo maana kwa kawaida mkanda huishia katikati. Nao si ugonjwa wa zinaa. Huwezi kumwambukiza mtu mkanda, ila majimaji yake yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua, basi ufunike kwa nguo safi na ukae mbali na vichanga na wajawazito.

Wengi wanaficha mkanda kwa sababu zamani ulipotokea tu, majirani walishahukumu kuwa ni UKIMWI. Ni kweli VVU hushusha kinga na kuurahisishia njia, na kijana akiupata tunamshauri apime. Lakini wazee wengi wanaoupata hawana VVU. Kuficha kunagharimu siku, na siku ndizo zenye thamani hapa: dawa hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitokeze. Ukichelewa, malengelenge yatakauka, lakini maumivu ya mshipa yanaweza kubaki miezi. Ukitokea kwenye paji la uso, puani au karibu na jicho, usije kwetu kwanza, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Dawa yenyewe ni acyclovir. Kwa mkanda, mtu mzima kwa kawaida huandikiwa miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku 7. Kwa malengelenge ya sehemu za siri yanayotoka mara ya kwanza, miligramu 400 mara tatu kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Vidonge tunatoa kwa cheti cha daktari, kwa sababu mwenye figo dhaifu hupunguziwa. Haifukuzi kirusi mwilini, inakizuia kisizaliane, na anayesumbuliwa mara kwa mara daktari anaweza kumpa dozi ya kila siku. Yule dada alikuwa amekwishauziwa mahali pengine antibiotiki za aina mbili na krimu yenye steroidi. Antibiotiki haiui kirusi, na steroidi hushusha kinga ya ngozi, hivyo inakipa kirusi nafasi.

Tunaomba pia kila mwenye kidonda sehemu za siri apime kaswende na VVU. Kidonda cha kaswende kwa kawaida hakiumi, kwa hiyo watu hukipuuza, na tiba yake ni tofauti kabisa. Aliye na HSV-2 akikutana na VVU, uwezekano wa kuambukizwa VVU ni karibu mara tatu ya asiye nacho. Kipimo cha VVU kwenye vituo vya serikali ni bure.

Sisi hatupimi malengelenge dukani. Tunasikiliza, tunatazama ukiruhusu, tunakuelekeza kituo, na ukirudi na cheti tunakueleza dawa mpaka uelewe. Mkija wawili, mke na mume, tunawapokea wawili. Ukikuta foleni na hutaki kusema mbele za watu, mwambie aliye dirishani umekuja kupima presha. Atakufungulia kile kichumba.