Miamba tunayo, tuipande

Mhariri,

Kurasa zenu za michezo ni Simba na Yanga tu. Sawa, hata mimi ni Yanga. Lakini kupanda miamba kuliingia kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, nasi bado tunaona ni shughuli ya watalii na wagumu, yaani wapagazi, wa Kilimanjaro. Jirani zetu Kenya wana chama cha wapanda milima tangu 1949, na wanachama wake hujinoa kwa kamba kwenye miamba ya Lukenya, nje ya Nairobi. Sisi tuna Mawenzi, kilele cha Kilimanjaro chenye mwamba mkali, mita 5,149 juu ya usawa wa bahari, na Mwanza nzima ni mawe! Wizara iwakutanishe waongoza watalii wa Moshi na vijana wa Mwanza, iwape kamba, kofia ngumu na mwalimu.

Mdau wa michezo,
Sinza, Dar es Salaam