Programu za spidwei zilizojazwa kwa penseli, msizitupe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, najua mnapenda barua fupi ila hii itakuwa ndefu kidogo, mnivumilie. Kwenye ukurasa wenu wa michezo mlitoa makala ya historia ya mbio za pikipiki, makala nzuri kwa kweli, MotoGP mmeieleza vizuri, motokrosi mmeieleza, halafu mlipofika kwenye spidwei mkaipa sentensi moja tu, kwamba ni mchezo wa kuzunguka kushoto kwenye uwanja mdogo. Nimeirudia ile sentensi mara tatu. Si uongo, ni kweli wanazunguka kushoto. Lakini mimi nimeishi Manchester kuanzia 1979 mpaka 1988, na karibu kila Jumamosi usiku msimu ukianza nilikuwa uwanja wa Hyde Road nawaangalia Belle Vue Aces, timu ya spidwei ya pale, sasa nitanyamazaje.

Kwanza niwaeleze wasomaji ambao hawajawahi kuiona. Wanapanga mstari watu wanne, mbele yao kuna tepu, tepu ikiruka juu wanaondoka, raundi nne, dakika moja hivi imekwisha. Pikipiki ni ya cc 500, silinda moja, gia moja, na breki haina, yani hakuna breki kabisa, wala ya mbele wala ya nyuma. Anaingia kona na gesi yote, tairi la nyuma linaserereka kwenda nje, hendo anaigeuzia kulia wakati yeye mwenyewe anakata kushoto, mguu wa kushoto umevaa kiatu cha chuma unaburuta chini, na akitaka kupunguza mwendo ni huko huko kuserereka ndo kunampunguzia. Wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hana kitu. Wenyeji wanavaa kofia nyekundu na bluu, wageni nyeupe na njano. Ukishajua hayo umeshajua mchezo wote, usiku ule ule wa kwanza unaanza kubishana na watu waliozaliwa nao.

Mimi nilipelekwa na mzee mmoja tuliyekuwa tunafanya naye kazi ya kufua mashuka, mtu wa pale pale Manchester, mpole, maneno machache. Siku hiyo hata hakunieleza tunaenda kuangalia nini. Nakumbuka tulisimama kona ya kwanza, mimi nikashangaa kwanini anachagua kukaa pale wakati majukwaa yana nafasi, hiti ya kwanza, yani mbio ya kwanza ya watu wanne, ikaanza, wakapita mbele yetu wanne wamebanana, mara tukamwagiwa changarawe kuanzia kichwani mpaka kwenye kola, changarawe nyekundu laini yenye unyevu. Yule mzee akajipangusa uso akatabasamu. Halafu ikaja harufu. Wanatumia methanoli, na oili yao ya zamani ilikuwa ya nyonyo, mafuta ya nyonyo haya haya tunayoyajua, ikiungua inatoa harufu tamu nzito ambayo hakuna shabiki wa zamani wa spidwei aliyeisahau, muulize yeyote, kabla hajakutajia bingwa atakutajia harufu.

Kisha akanipa penseli. Hapo ndo penyewe, Mhariri, ndo sababu ya barua hii.

Pale getini ukiingia unanunua programu, kijitabu chembamba, ndani kuna hiti zote zimepangwa, majina manne manne, na pembeni ya kila jina kuna kibox kitupu. Kujaza ni kazi yako wewe. Hiti ikiisha unaandika 3, 2, 1, 0, unajumlisha timu ina ngapi, unaangalia hiti inayofuata. Injini ikimgomea mtu unaandika E, akianguka F, refa akimtoa X. Uwanja mzima, maelfu ya watu, wameinamisha vichwa wanaandika, kisha wote wanainua vichwa kwa pamoja maana wanne wengine wanakuja kwenye tepu. Mpaka leo sijaona mchezo mwingine ambao mtazamaji anaandika historia yake mwenyewe namna hiyo wakati mambo bado yanatokea mbele yake.

Enzi zile Belle Vue ilikuwa na Peter Collins na Chris Morton. Collins alishakuwa bingwa wa dunia 1976 kule Chorzów, Poland, na mwaka uliofuata kwenye fainali ya Gothenburg alipanda pikipiki mguu umevunjika na akatoka wa pili, nyuma ya Ivan Mauger. Mguu umevunjika! Morton sifa yake ilikuwa nyingine, alikuwa akitoka vibaya kwenye tepu watu hawahuzuniki, wanasogea mbele kwenye uzio, kwa sababu wanajua sasa ndo wanaona mchezo wenyewe, anapita nje karibu na uzio kabisa mahali ambapo unaona hapapitiki, mmoja, wa pili, raundi ya nne straiti ya nyuma anamfuata wa kwanza. Hyde Road ilikuwa na kona pana, ilimruhusu. Ndo maana mashabiki wa zamani wakitaja waendeshaji wanataja na uwanja, huwezi kuvitenganisha, kuna mtu alikuwa simba kwenye uwanja mmoja na kwenye mwingine wenye kona finyu anapotea kabisa.

Yule mzee mwenyewe kwake hakuna kama Peter Craven. Mimi sikumuwahi Craven, namjua kwa programu. Alikuwa na sanduku zima nyumbani kwake, za miaka ya 50 na mwanzo wa 60, alinifungulia moja moja mezani. Craven alikuwa mdogo wa umbo, bingwa wa dunia 1955 na tena 1962, na baada yake Uingereza haikupata bingwa mwingine Mwingereza mpaka huyo Collins miaka 14 baadaye, wote wawili wa Belle Vue. Septemba 1963 alikuwa anakimbia Edinburgh, uwanja wa Old Meadowbank, mwenzake George Hunter akaanguka mbele yake, Craven akakwepa ili asimkanyage, akaenda kwenye uzio. Siku nne baadaye akafariki, umri miaka 29. Mzee aliponionyesha programu yake ya Jumamosi ya mwisho aliyomwona Craven pale Hyde Road, sikuona kitu cha ajabu, 3, 3, 3, mwandiko ule ule wa siku zote, penseli ile ile. Hakujua wakati anaandika. Alikaa kimya muda mrefu kisha akaifunga akairudisha mahali pake. Nikaelewa kwanini alikuwa hapendi kuazimisha.

Wako wanaosema historia ya mchezo ni orodha ya mabingwa. Orodha ninayo kichwani, sina shida nayo: Lionel Van Praag wa Australia wa kwanza kabisa 1936 pale Wembley, Wamarekani watatu wamekamata nafasi zote tatu 1937, Jack Milne akiwa wa kwanza, Ove Fundin wa Sweden mara tano, Barry Briggs mara nne, Mauger mara sita, huyu Mauger na Briggs na Ronnie Moore wote watatu wametokea mji mmoja, Christchurch, New Zealand. Lakini angalia orodha inavyoficha. Hiyo 1936 Bluey Wilkinson alishinda hiti zake zote tano usiku wa fainali, zote, hakuna aliyemgusa, akaishia wa tatu kwa sababu walijumlisha na pointi za bonasi kutoka mashindano ya mchujo ya nyuma! Orodha haisemi. Programu ya mtu aliyekuwa Wembley usiku ule inasema, ina 3 tano zimepangana.

Au 1973, Chorzów, watu zaidi ya laki moja uwanjani, Mpoland Jerzy Szczakiel ambaye kwenye hesabu za watu hakuwepo kabisa akalingana pointi na Mauger, wakarudishwa wawili tu kuamua, Mauger akamfuata akaanguka. Poland nzima ikapata bingwa wake wa kwanza, na wa pili hawakumpata mpaka Tomasz Gollob 2010. Nafikiria laki moja ya watu kila mmoja na kalamu yake. Ile F ya Mauger kuna mtu aliiandika huku mkono unatetemeka.

Zamani fainali ya dunia ilikuwa usiku mmoja. Watu 16, hiti 20, kila mmoja anakimbia mara tano na kila mmoja anakutana na kila mwenzake mara moja tu. Ilikuwa imepangwa kwa akili sana. 1995 wakabadilisha ikawa mfululizo wa mashindano ya Grand Prix, unakusanya pointi msimu mzima. Wanasema ni haki zaidi, mwenye bahati ya usiku mmoja hawezi kuwa bingwa. Nakubali kwenye haki. Ila usiku ule mmoja ulikuwa na uzito ambao mimi sijauona tena. 1981 tulikwenda Wembley na basi kutoka Manchester, fainali ya mwisho kufanyika pale, watu zaidi ya elfu tisini. Bruce Penhall wa Marekani akamnasa Ole Olsen mstarini kabisa, kwa tairi tu, na baadaye akamfanyia hivyo hivyo Tommy Knudsen, na mimi kwa kelele zile sikujua nimeandika nini, 3 ya Penhall nimeiweka kwenye kibox cha Olsen nikaifuta nikaandika tena. Mwaka uliofuata kule Los Angeles akashinda tena na papo hapo akatangaza anaacha. Kuhusu ile hiti ya 14 yeye na Mwingereza Kenny Carter, refa kumtoa Carter, sitaifungua hapa maana ukurasa hautatosha, mashabiki wa umri wangu bado hawajamaliza kuibishania.

Sasa niseme kilichonipata. Mwaka 1986 nilisafiri miezi miwili, niliporudi mwenye nyumba niliyokuwa nimepanga chumba kwake ameshasafisha, boksi langu la programu za miaka saba limekwenda na taka. Aliniambia yalikuwa makaratasi yaliyochafuliwa. Nilikaa juu ya kitanda sikuwa na la kusema. Ilipona moja tu kwa sababu ilikuwa kwenye mfuko wa koti, ya 1982, mwaka ambao Aces walichukua ligi. Ninayo hapa mezani naandika. Jalada limekunjika katikati, ukurasa wa hiti za mwisho una matone ya mvua yaliyosambaza penseli ikawa kijivu, na kuna F moja nimeikandamiza mpaka karatasi ikatoboka, kijana wa timu ya wageni alianguka kona ya tatu akalala muda mrefu na uwanja wote ukanyamaza, kisha akanyanyua mkono. Ukiifungua pale katikati panapobana pini bado kuna vumbi jekundu la Hyde Road.

Na Hyde Road yenyewe haipo. Bustani ya wanyama ya jirani ilishafungwa 1977, uwanja ukauzwa, 1987 ndo ukawa msimu wa mwisho, pakawa mahali pa kunadi magari. West Ham pale Custom House waliondoka 1972. Dudley Wood wa Cradley Heath 1995, nyumba. County Ground wa Exeter 2005, nyumba. Plough Lane ya Wimbledon sahivi ni mpira wa miguu. Brandon ya Coventry mbio zilikoma 2016 ikabaki magofu. Belle Vue angalau walipata uwanja mpya huko huko Manchester 2016 na timu ipo hai, nashukuru sana kwa hilo, ila wengi hawakubahatika hivyo, na kwa viwanja hivyo kilichobaki ni hizi karatasi na vichwa vya wazee.

Na wazee wanaondoka. Watoto wanafungua makabati wanakuta programu, wanauliza zina thamani gani, wanaambiwa na wanunuzi kwamba zilizo safi, ambazo hazijaandikwa, ndo zenye bei, hizi zilizojazwa hazina kitu. Wanazitupa zilizojazwa. Hii inaniuma sana. Iliyo safi maana yake mwenye nayo hakufuatilia, au aliinunua akaiweka. Iliyojazwa mtu alikuwepo, alisimama na baridi, aliona.

Kwa hiyo naomba kupitia gazeti lako, najua linasomwa mpaka huko Uingereza kwa ndugu zetu wanaoishi na kufanya kazi kule. Kama unaishi nyumba moja na mzee aliyekuwa anakwenda spidwei, au unamhudumia, au amefariki na wewe ndo unasafisha chumba, ukikuta vijitabu vyembamba vyenye namba za penseli usivitupe. Andika kwenye bahasha jina lake na uwanja aliokuwa anakwenda, uviweke.

Na mimi binafsi natafuta moja. Usiku wa mwisho wa Hyde Road, 1987, nilikuwa zamu, niliomba kubadilishiwa haikuwezekana. Nasikia wapo waliochota changarawe wakaondoka nayo. Mwenye programu ya usiku huo amwandikie mhariri, ana anwani yangu. Sihitaji kuichukua, anipigie picha tu kurasa zote. Iwe iliyojazwa.

Wako,
Shabiki wa Aces