Malipo ya korosho yaandikwe majina mawili

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mkulima wa korosho hapa Newala, na kwa watoto wa dada zangu ndiye mjomba mkubwa. Kwetu Wamakonde, kama ilivyokuwa kwa Wamakua, Wayao na Wamwera wa Lindi, mtoto alihesabiwa ukoo wa mama. Mjomba ndiye aliyeozesha na kusuluhisha ugomvi wa ndoa, na alipofariki mali yake waliirithi wapwa. Mara nyingi mwanamume akioa alihamia kwa wakwe zake. Akimtesa mke, alijua yuko ugenini.

Utaratibu huo umekwisha, nami siulilii. Mkorosho ndio uliouvunja. Shamba la mtama ulilima misimu michache ukahama, lakini mkorosho unazaa miaka na miaka, na unajulikana ni wa nani. Akina baba wakataka jasho lao lirithiwe na watoto wao wenyewe. Ni haki kabisa. Halafu Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini, iliyohamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, ikachanganya koo, na vijana wakashika njia ya Dar es Salaam.

Kinachoniuma ni kwamba mjomba ameondoka na nafasi yake haikuwekwa mtu. Familia sasa ni baba, mama na watoto, ila kwenye karatasi ina jina moja tu, la baba.

Dada yangu mdogo na mumewe walifufua shamba lililokuwa limeshikwa na msitu. Mume alipuliza salfa ya kuzuia ukungu na dawa nyingine. Dada ndiye aliyebeba kichwani maji ya kuchanganyia, na maji ya Newala kila mtu anajua yanavyopatikana kwa shida. Kuanzia Oktoba alikuwa shambani alfajiri, anaokota, ananyofoa korosho kwenye mabibo, anaanika, anachambua mbovu. Nguo zake zote za kazi zina madoa ya mabibo yasiyotoka hata kwa sabuni gani. Kisha magunia yakaenda ghalani kwa jina la mume.

Shemeji alifariki ghafla, mzigo ukiwa umeshauzwa mnadani. Fedha zikaingia kwenye akaunti ya marehemu. Dada akaambiwa alete barua ya usimamizi wa mirathi. Ndugu wa marehemu wakasema shamba ni la kaka yao. Niliitwa kikaoni, enzi za wazee wangu neno la mjomba lingemaliza shauri, lakini mimi nilisikilizwa kwa heshima na ikaishia hapo. Januari wapwa zangu walikwenda shule bila sare mpya, na hela ya jasho la mama yao iko benki.

Wala si kufiwa tu. Hapa kusini tunaziona ndoa mpya zinazofungwa fedha za mnada zikishaingia, na aliyeokota anapewa talaka.

Sheria zipo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za wote wawili. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Lakini zote zinamfaa akishafika mahakamani, na nauli ya kwenda na kurudi kila shauri linapoahirishwa anaitoa wapi?

Ninachoomba ni kidogo. Chama cha msingi, yaani ushirika wetu wa wakulima, kinapohakiki daftari la wakulima, kimuulize mwanachama aliyeoa jina la mkewe na kuliandika pamoja na lake. Akaunti iwe ya wote wawili, na ujumbe wa malipo ufike kwenye simu zote mbili. Mwenye wake wawili aandikishe kila shamba na mke anayelilima.

Wapo wanaume wenzangu watakaosema huko ni kuingiza ugomvi nyumbani. Jamani, mke anajua magunia mangapi yametoka, maana ameyashona yeye. Asichokijua ni yamelipwa shilingi ngapi, na ugomvi mwingi ninaoitiwa unaanzia hapo.

Maofisa ushirika wa Mtwara na Lindi, naomba jambo hili lianze kabla ya salfa kugawiwa kwa ajili ya msimu ujao.

Mjomba na mkulima,
Newala, Mtwara